Naomba ushauri: kupanua matundu ya milimita 20 yawe 25 kwenye kasha la bati

Mleta mada

Habari za jioni, wadau. Nina kasha la chuma la kuwekea breka za umeme, bati lake likiwa na unene wa milimita 1.2, ambalo nililinunua likiwa na matundu manne ya milimita 20 upande wa chini. Paipu nilizokwisha kuzilaza ukutani ni za milimita 25, kwa hiyo adapta zake (viungio vya kuzifunga kwenye kasha) haziingii. Juzi nilijaribu kulipanua tundu la kwanza kwa biti ya kawaida ya milimita 22, ile iliyopunguzwa shina ili iingie kwenye drili ya mkononi, huku mkono wa kushoto ukiwa umelishika kasha. Biti ilipogusa tu ukingo wa tundu ililing'ata bati, ikalinyanyua kasha zima kutoka mezani na kulizungusha, na kona yake ikanipiga kwenye kifundo cha mkono. Jeraha si kubwa, lakini tundu lenyewe sasa lina pembe tatu kama sambusa. Naomba kujua njia salama ya kuyamalizia matatu yaliyobaki, na kama hilo lililoharibika linaweza kuokolewa.

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana, ndugu. Kilichokupata kinawapata wengi, na sababu yake iko kwenye umbo la biti yenyewe. Biti ya kawaida huongozwa na ncha yake ikiwa ndani ya chuma. Wewe ulikuwa na tundu tayari, kwa hiyo ncha ilining'inia hewani na kazi yote ikaachiwa makali ya pembeni. Bati likiwa jembamba, ile mifereji iliyojipinda hufanya kazi ya skrubu: hulivuta bati juu badala ya kulikata.

Tafuta biti ya ngazi, ile yenye umbo la pia. Kila ngazi hujiongoza ndani ya tundu lililokatwa na ngazi iliyotangulia, kwa hiyo haiyumbi. Angalia jambo moja kabla ya kulipa: biti nyingi za milimita 4 hadi 32 hupanda kwa milimita mbili mbili, maana yake utapata 24 na 26, lakini 25 haimo. Simama kwenye 24, kisha umalizie nusu milimita kila upande kwa tupa. Zungushia utepe juu ya ngazi ya 24 kabla ya kuanza, kwa sababu kwenye bati jembamba biti huruka kwenda ngazi inayofuata kabla hujaachia kitufe.

Drili iende polepole. Ikiwa ina gia mbili, weka ya 1. Kwa kipenyo hicho kwenye chuma laini, mizunguko kama 300 kwa dakika inatosha. Tia tone la mafuta kila ngazi.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana na mwenzangu, ila biti nzuri ya ngazi ina bei, na kwa matundu matatu tu huenda usione sababu ya kuinunua. Ukiwa na msumeno wa kikombe wa milimita 25 wenye meno ya kukatia chuma, tatizo lako ni kwamba biti yake ya katikati haina pa kushika. Funga kipande cha ubao nyuma ya bati kwa klampu mbili, chora kwenye ubao mistari miwili inayokatiza katikati ya tundu la zamani, piga senta panchi hapo (ncha ya chuma inayogongwa kwa nyundo kuweka kishimo), kisha anza. Biti ya katikati itashika ubao, na kikombe kitakata bati bila kuhama.

Mchangiaji wa tatu

Samahani, mbona hamumwambii atumie grenda? Dakika mbili kazi imekwisha.

Mchangiaji wa kwanza

Grenda haikati mduara wa milimita 25. Itamwachia mraba wenye nyufa kwenye kona. Tena kasha hilo likiwa limepakwa zinki, asithubutu kulikata kwa gesi ndani ya chumba, kwani moshi wa zinki huleta homa na baridi ya mwili usiku huohuo.

Mchangiaji wa nne

Mimi nimezeeka na tupa, na kwa kazi hii bado naipendelea. Chora mduara wa milimita 25 kwa bikari, libane bati kwenye jiliwa kati ya vibao viwili karibu kabisa na tundu ili lisitetemeke, kisha tumia tupa ya nusu duara yenye mpini. Isukume mbele huku ukiitelezesha kandokando ya ukingo. Ukikaa mahali pamoja utachimba bonde. Hilo tundu la sambusa nalo litapona hivyo, mradi pembe zake hazijavuka mduara uliochora.

Drili inapozunguka vua glavu, maana ikinasa kitambaa itavuta na vidole. Miwani ya kinga usiivue. Vinyoleo usivipangusie mkono, tumia brashi. Je, kasha limekwisha kufungwa ukutani na kuwekwa breka?

Mleta mada

Bado, shikamoo mzee. Liko mezani na halina waya wowote.

Mchangiaji wa nne

Marahaba. Basi fanya kazi yote likiwa hapohapo mezani, kwa sababu kinyoleo kimoja kikiangukia kwenye breka kinaweza kuunganisha nyaya. Ukimaliza, kwangua makali ya ukingo pande zote mbili, kwani ndiyo yanayochuna ganda la waya wakati wa kuvuta, na upake rangi ya zinki pale chuma kilipobaki wazi.

Mleta mada

Narudisha mrejesho. Nimeazima biti ya ngazi, nikalifunga kasha kwenye meza kwa klampu mbili pamoja na ubao chini yake. Matundu mawili yameishia 24 na tupa imeyamalizia kwa kama dakika kumi kila moja. La tatu utepe ulilegea kwa mafuta na biti ikaruka hadi 26, lakini nati ya adapta imelifunika. La sambusa nimelipiga tupa jioni nzima. Pembe moja ilikuwa imevuka mstari kidogo, nayo imejificha chini ya nati hiyohiyo. Asanteni sana.