Mama kachomwa na mwiba na hakusikia, naomba ushauri

Mama Neema, Pasua:
Habari zenu wapendwa. Mama yangu ana miaka 64, yuko Kibosho, ana kisukari tangu 2015. Dawa anameza, ila sukari ya asubuhi kabla hajala inasoma 10, mara 11. Jana nimepanda kumsalimia. Nikamvua kandambili nimwoshe miguu, nikakuta mwiba umezama kisiginoni, mrefu kama njiti ya kiberiti, usaha umeshaanza. Ametembea nao shamba lote la nyumbani (kihamba) akikata majani ya ng'ombe. Ananiuliza, "Mbona sijausikia?" Nimelia. Viatu anakataa, anadai vinamwaka moto. Jirani anasema aloweke miguu kwenye maji ya moto ya chumvi. Nifanyeje?

Baba Elia, Kiborloni:
Pole sana mwanangu. Kidonda chenye usaha hakingoji kesho, mpeleke hospitali leo, na waambieni mapema kwamba ana kisukari. Maji ya moto usithubutu!

Mimi huu mwaka wa 14 na ugonjwa huu. Mwaka fulani mwezi wa Julai, baridi ile unayoijua, niliota moto jikoni usingizi ukanipitia. Nimeamka nyayo zina malengelenge, maumivu sikusikia hata kidogo. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaua mishipa ya fahamu, na damu nayo haifiki miguuni vizuri. Ndiyo maana kidonda hakiumi na kupona kinachelewa.

Sasa kila jioni nakaa barazani, naweka chini kioo cha kunyolea, natazama nyayo zote mbili. Maji ya kunawa yawe vuguvugu, mke wangu anayapima kwa kiwiko. Katikati ya vidole nakausha kabisa, na hapo mafuta sipaki, unyevu unaleta fangasi. Viatu nanunua jioni, miguu ikiwa imejaa. Pale soko la Memorial, Moshi, nilipata raba za mtumba, pana, na kabla ya kuvaa naingiza mkono ndani. Juzi nimetoa kokoto.

Nesi mstaafu, Majengo:
Baba Elia kasema kweli. Niongeze tu: huo moto anaousikia mama huenda si wa viatu, ni mishipa yenyewe, na ina dawa zake. Amweleze daktari. Kliniki aombe kupimwa miguu, wanagusa nyayo kwa uzi wa nailoni kuona wapi hasikii. Sugu asikate kwa wembe. Shambani avae gambuti na soksi za pamba, azigeuze mshono uwe nje. Na hiyo 10, 11 ya asubuhi iko juu, dawa ziangaliwe upya.

Mama Neema, Pasua:
Shikamoo Baba Elia, shikamoo mama nesi. Tumerudi sasa hivi. Wametoa mwiba, wamesafisha, kachomwa sindano ya pepopunda na kupewa antibiotiki. Keshokutwa tunarudi kufunguliwa bandeji. Kioo nimemnunulia, ameshakiweka chini ya kitanda. Soksi za pamba zisizobana mnapata wapi hapa mjini?