Kabati za jikoni: MDF au marine board? Naomba ushauri

Habari za wakati huu wakuu. Nyumba yangu ya Kigamboni imeshapigwa plasta, sasa nimefika jikoni. Chumba ni mita 3 kwa 2.8, dirisha moja na mlango wa kutokea uani. Nataka kabati za kujengea, umbo la L.

Fundi wa kwanza ananishawishi nichukue MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi), inapendeza na bei inaeleweka. Wa pili anasema MDF ikipata maji pale chini ya sinki inavimba kama andazi, bora marine board, ubao unaostahimili maji. Naona huyu ana hoja, maana huku unyevu na chumvi ya baharini havina huruma, hata bawaba za milango zinashika kutu. Ila bei yake, mmh! Kuna aliyechanganya, marine chini, MDF juu? Imedumu?

Halafu mtungi wa gesi. Mimi nataka ukae nje, bomba lipite ukutani, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini humo humo kabatini. Mama watoto anahofia wezi. Mlioweka nje, mmejengea kibanda cha nondo au mmefanyaje?

Na kaunta: fundi amezoea sentimita 90, mama watoto ni mfupi, akisonga ugali mabega yatamuuma. Nishushe hadi 85? Granite nimeshaamua, hiyo msinitoe.

Mwenye picha za jiko lake atupie tafadhali.