Kuna mtu na andazi lake ataniua kabla sijaiona barua ya ajira!!!

Wakuu, nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, nipo kwenye daladala narudi Nkuhungu na hasira imenifika hapa kooni. Nikikosea herufi mnisamehe.

Wote tuliopo kwenye mafunzo ya gari la wagonjwa hapa Dodoma mnamjua. Simtaji. Kalamu mbili mfukoni, faili kwapani, na salamu haiitikii mpaka umwite "bosi". Mnamjua.

Usiku tumetumwa Kibaigwa kumchukua mama mjamzito. Baridi ya mwezi wa saba wa Dodoma haihitaji maelezo. Tumerudi alfajiri, mama kakabidhiwa salama, nimeosha machela, nimekagua mtungi wa oksijeni, nimejaza daftari. Ndipo nikamfuata kwa adabu zote, mikono nyuma kama naenda kuposa. "Bosi shikamoo. Samahani, naulizia zile barua za ajira."

Akanitazama kuanzia viatuni. Akang'ata andazi. Akasema: "Kwani nani kakwambia una kazi hapa?"

HUKU ANATAFUNA ANDAZI.

Sasa kama sina kazi, Kibaigwa nilienda kuangalia bei ya mahindi saa nane za usiku? Ile damu kwenye suruali yangu ni ya urembo?

Ratiba anaitupa kwenye grupu saa tano usiku, zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Unafika unapiga miayo, unaambiwa umehamishiwa usiku, rudi nyumbani. Nauli juu yako. Mafunzo yalikuwa ya wiki mbili, yakawa ya mwezi, sasa yanaitwa "uangalizi". Barua mara ipo kwa mkubwa, mara mkubwa yupo Dar, mara tusubiri bajeti ya Julai. Julai hii hapa! Mwenzetu mmoja kaacha duka la dawa Singida kwa sababu alipigiwa simu "njoo uripoti". Karipoti. Analala sebuleni kwa shemeji yake.

Tumefundishwa kubana kifua mara 30, pumzi 2, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Hiyo barua ingekuwa mgonjwa ningeshaifufua.

Na hakumeza wakuu. Angemeza kwanza ndipo anitukane ningemwelewa. Kipande kikanirukia kwenye koti, na koti lenyewe la kuazima.

Sina swali. Nina hasira tu.

Zabibu Chachu: Pole sana mkuu. Swali moja la kitaalamu: lilikuwa na iliki?

Mzee wa Machela: Mtoa mada anampunguzia makali. Mimi aliniambia "wewe bado mwanafunzi" nikiwa nimembeba mzee ghorofa ya tatu nashuka naye ngazi. Kwenye zamu tunaitwa wafanyakazi, ikifika posho tunaitwa wanafunzi.

Dereva Daraja C: Nyie wa huduma ya kwanza mnadeka. Mimi nina leseni daraja C na cheti cha udereva cha NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, nimeambiwa nikae nyuma kwanza "nilizoee gari". Kazi yangu mpaka leo ni kusugua magurudumu. King'ora nakisikia tu kama majirani wengine.

Wakili wa Mtandaoni: Ndugu mtoa mada, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi unapoanza kazi. Kifungu cha 20 kinakupa nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa saa za usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri. Usikubali kuonewa.

Mtoa mada: Asante mkuu. Asilimia 5 ya sifuri ni shilingi ngapi? Nataka nikakopee unga.

Binti Kondoa: Ungempa hicho kifungu cha 15 kimechapishwa angefungia andazi.

Mkali wa Ilazo: Chai hii. Mimi nakaa jirani na hapo, mama wa maandazi anafungua saa moja. Alfajiri hiyo kalipata wapi?

Mtoa mada: ANAKUJA NALO KWENYE HOTPOTI!!! Muulizeni mtu yeyote wa zamu ya usiku.

Mzee wa Machela: Nathibitisha hotpoti. Ya bluu.

Zabibu Chachu: Hapo sasa mmeanza kumtaja.

Mwalimu Bila Kituo: Mnapiga kelele kwa andazi? Sisi tunajitolea shule za Chamwino, shemeji zetu wameshatuchoka tangu zamani, tukiitwa usaili tunajaza ukumbi hadi madirishani. Nyie angalau mnapanda gari.

Dereva Daraja C: Mwalimu, anzisha uzi wako.

Mwalimu Bila Kituo: Huu unatosha, una watu. Juzi natoka usaili sina pa kulala, gesti zote bei imepanda, nimelala stendi ya Nanenane na begi kichwani.

Binti Kondoa: Gesti za Dodoma afadhali. Njoo kwenye vyumba vya kupanga. Chumba kimoja, ukuta haujapigwa lipu, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita na anakuuliza kama unapika maharage.

Mkali wa Ilazo: Maharage yana shida gani?

Binti Kondoa: Umeme. Luku ni moja nyumba nzima.

Mtoa mada: Jamani, turudi kwenye barua.

Mwalimu Bila Kituo: Mwenye kujua chumba cha miezi mitatu Area D au Kisasa anisaidie. Napika ugali tu.

Dalali Mwaminifu: Kipo Ilazo, choo ndani, luku yako mwenyewe. Kuonyeshwa ni elfu kumi, hairudishwi.

Mwalimu Bila Kituo: Elfu kumi kwa kuangalia ukuta?

Dalali Mwaminifu: Na dirisha.

Binti Kondoa: Mwalimu usitoe! Huyo alinionyesha chumba chenye mtu ndani, amelala.

Dalali Mwaminifu: Yule alikuwa anahama.