Uzi: Wanawake wa koo za siasa walioacha taasisi. Tuanze na Abby Aldrich Rockefeller

Mtunzawasia
Wakuu, kila akitajwa mwanamke wa karamu za wakubwa, watu husema mume ndiye pesa, yeye ni pambo. Nimemkumbuka Abby. Baba yake, Nelson Aldrich, alikuwa seneta wa Rhode Island kuanzia 1881 hadi 1911, na Kamati ya Fedha ya Seneti aliiongoza yeye. Binti alikulia kwenye nyumba ambayo siasa ilikuwa mazungumzo ya mezani. Mwaka 1901 akaolewa na John D. Rockefeller Mdogo, na mume huyo hakuipenda kabisa sanaa ya kisasa. Kwa hiyo Abby alinunua picha kwa fedha zake mwenyewe, zikiwemo za urithi wa kwao, na kuzitundika ghorofa ya juu ya nyumba yao ya 10 West 54th Street, ambako hazikumkera mzee. Anayejua jinsi Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York yalivyoanza aeleze hatua kwa hatua.

Nyundo
Hatua zenyewe ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Wanawake watatu walikubaliana: Abby, Lillie P. Bliss na Mary Quinn Sullivan. Mwaka 1929 wakamwita A. Conger Goodyear kwenye chakula cha mchana wakamwomba awe mwenyekiti. Uteuzi huo haukuwa wa kubahatisha. Goodyear alikuwa ametolewa kwenye bodi ya makumbusho ya Buffalo baada ya kuidhinisha ununuzi wa picha ya Picasso, hivyo walijua hatatetereka. Mkurugenzi wakamchukua Alfred H. Barr, kijana wa miaka 27, kwa pendekezo la Paul Sachs wa Harvard. Hawakujenga. Walipanga vyumba ghorofa ya 12 ya jengo la ofisi, Fifth Avenue, na maonyesho ya kwanza yakawa ya kazi za kuazima tupu: Cézanne, Gauguin, Seurat na van Gogh. Mlango ulifunguliwa tarehe 7 Novemba 1929, siku tisa baada ya soko la hisa kuporomoka.

Hapo ndipo taasisi nyingi hufa. Wangekuwa wamezika fedha zote kwenye jengo, mporomoko ule ungewamaliza. Kwa kuwa walikuwa wapangaji, walipumua.

Kibarazani
Kuazima kwanza, kumiliki baadaye. Naunga mkono.

Bi Sahihi
Nyundo, umempita Lillie Bliss kama abiria. Yeye naye ni wa ukoo wa siasa: baba yake, Cornelius Bliss, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Rais McKinley. Lillie alinunua sanaa ya kisasa kwenye maonyesho makubwa ya Armory mwaka 1913. Alipofariki 1931 aliwaachia makumbusho mkusanyo wake, na huo ndio msingi wa hazina yao. Bila Lillie, Abby angebaki na vyumba vya kupanga.

Nyundo
Dada, Lillie aliacha picha kwa masharti. Abby alibaki hai akafanya kazi ya kutimiza masharti hayo. Wosia ulidai makumbusho yathibitishe ndani ya miaka mitatu kwamba yana mfuko wa kudumu. Lengo la kwanza lilikuwa dola milioni 1, wasimamizi wa mirathi wakakubali kushuka hadi 600,000, na mwaka 1934 picha zikakabidhiwa. Kuchangisha kiasi hicho katikati ya mdororo mkubwa si kazi ya pambo.

Bi Sahihi
Na ni sharti la Lillie lililowalazimisha kuchangisha! Unathibitisha hoja yangu.

Chokaa Mbichi
Samahani kwa kuingilia. Mkitaja Abby lazima mguse Diego Rivera, mchoraji wa Mexico, maana wengi wanaisimulia vibaya.

Abby alikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono Rivera mapema. Alinunua kitabu chake cha michoro ya rangi ya maji ya Mei Mosi, Moscow, na mwaka 1935 akakitoa kwa makumbusho. Mwaka 1931 Rivera alipoonyesha kazi zake pale, alipaka paneli kwenye saruji iliyoshikwa na fremu za chuma. Nzito mno, lakini zinahamishika.

Kisha ikaja picha ya ukutani ya Rockefeller Center, majengo ya ukoo huo New York, 1933, kwa malipo ya dola 21,000. Hiyo ilipakwa ukutani moja kwa moja. Mnajua ufundi wake: unapiga lipu ya chokaa eneo la kazi ya siku moja tu, unapaka rangi iliyochanganywa na maji kabla lipu haijakauka, na chokaa ikikauka inaifunga rangi ndani yake. Baada ya hapo picha na ukuta ni kitu kimoja. Ukichelewa, rangi haishiki, unabandua lipu na kuanza upya.

Rivera akaingiza sura ya Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya kikomunisti ya Urusi. Tarehe 4 Mei 1933 Nelson, mwana wa Abby, akamwandikia aiondoe. Akakataa, akasema yuko tayari kuongeza Lincoln. Tarehe 9 Mei akalipwa chote akasimamishwa, picha ikafunikwa, na Februari 1934 ikavunjwavunjwa. Rivera aliipaka upya Mexico City mwaka huohuo.

Kosa lilikuwa la kiufundi kabla ya kuwa la kisiasa. Walikuwa wameshaona paneli za kuhamishika miaka miwili nyuma. Wangeagiza hizo, ugomvi ungeishia kwenye ghala.

Kibarazani
Duh. Sikuwahi kuifikiria hivyo.

Mlinzi wa Sanaa
Chokaa, ni kosa la mkataba. Mchoro wa awali uidhinishwe kwa maandishi, na kila badiliko lirudi kwa mwagizaji.

Chokaa Mbichi
Mkuu, ukiandika hivyo msanii wa kiwango cha Rivera hasaini.

Bi Sahihi
Turudi kwenye zawadi. Mhisani akiniomba ushauri nitamwambia aweke sharti la muda na la fedha, asiweke la matumizi. Lillie aliruhusu kazi zake zibadilishwe, isipokuwa chache. Ndiyo maana picha ya Degas iliuzwa ili wapate *Les Demoiselles d'Avignon* ya Picasso, na *The Starry Night* ya van Gogh ikaingia 1941.

Mlinzi wa Sanaa
Mimi nasema asiweke sharti lolote. Abby alitoa kazi 181 mwaka 1935, na 1940 picha za chapa yapata 1,600.

Mtunzawasia
Lakini Abby naye aliweka sharti, tena la ajabu. Alipofariki 1948 aliacha michoro ya van Gogh iliyotakiwa kuhamia Metropolitan, makumbusho mengine ya New York, baada ya miaka 50, kwa hoja kwamba kufikia hapo haitakuwa ya kisasa tena. Mwaka 1998 ikahamishwa kweli, pamoja na kwamba makumbusho yalikuwa yameizoea.

Nyundo
Hapo Bi Sahihi ameshinda nusu. Sharti la tarehe linatekelezeka kwa sababu halihitaji tafsiri.

Bi Sahihi
Nusu naichukua. Na anayetaka kuona mambo haya kwa macho asome kibandiko kilicho chini ya picha: jina la Lillie likifuatiwa na maneno "kwa kubadilishana", ujue hiyo siyo picha aliyoiacha, ni iliyopatikana kwa aliyoiacha.