Diski ya VM: mteja alipie alichotengewa au alichotumia?

Mwananyamala_Net
Wakuu habari za mida. Ofisini tuna VM moja (kompyuta pepe inayoishi ndani ya seva ya mtu) tumekodi kwa kampuni fulani ya hapa hapa mjini, jina naliacha. Diski GB 100. Ndani ya Ubuntu nikipiga df -h, amri ya kuangalia nafasi ya diski, naona zimetumika GB 22. Bili kila mwezi inakuja ya GB 100, nikanyamaza. Sasa juzi wametuma email eti "matumizi yenu halisi ni GB 71", tupunguze mafaili la sivyo tupande kifurushi. Yaani 22, 71 na 100 na diski ni hiyo hiyo moja! Hoja yangu ni kwamba hawa watu wabanwe kisheria, mteja alipie alichotumia basi, kama umeme wa LUKU. Mnasemaje?

Bwana Sekta
Mkuu ungeuliza kwanza kabla ya kutaka watu wabanwe. Mimi nipo upande wa pili, seva ndio kazi yangu. GB 100 ndio ulichotengewa, kiwe kimejaa kiwe kitupu kimeandikwa jina lako na hakuna mwingine anakigusa. Amazon wenyewe diski zao za kukodi, EBS, unalipia ulichoomba sio ulichojaza, hata ukiiacha tupu mwaka mzima bili inasoma. 22 ni hesabu ya ndani ya VM, 71 ni hesabu ya hosti, yaani seva inayobeba VM, basi. Shida watu wa kozi za wiki mbili mkishaijua df -h mnaona mmemaliza kila kitu.

Kijogoo wa Tandika
Huyo wa kozi ya wiki mbili ndio anayelipa mshahara wako kaka, halafu unamtolea povu. Na nyie mmesoma nini cha ajabu, si mnabonyeza tu Proxmox, hiyo programu ya kuendesha VM, hapo mkisubiri saa kumi mwondoke.

Bwana Sekta
Sijamtukana mtu. Na kwa taarifa yako tulikuwa VMware, programu ya kazi hiyo hiyo, kwa miaka, tumehama kwa sababu Broadcom waliinunua 2022 wakafuta leseni za kununua mara moja, kila kitu kikawa cha kulipia kwa mwaka. Usiongee usichokijua.

Nusu Terabaiti
Ununuzi ulitangazwa 2022, ukakamilika Novemba 2023, leseni zikafutwa Desemba. Ukimwambia mwenzio hajui, na wewe tarehe ziwe sawa.

Bwana Sekta
Tarehe ndio hoja sasa?

MamaLogi
Naomba niingilie maana mnagombana na swali la mtu limelala. Namba zote tatu ni za kweli, kila moja imepimiwa mahali pake. Diski za siku hizi nyingi zinaanza ndogo kwenye hosti zinanenepa kadiri unavyoandika. Ukifuta faili ndani ya VM, mfumo wa mafaili unaandika tu kwamba pale pako wazi, hosti haambiwi, kwa hiyo anaendelea kuhesabu vile vipande kwa sababu vilishawahi kuandikwa. Ndio maana wao wakipiga qemu-img info kwenye faili la qcow2 (ndilo diski yako kwao) wanaona mistari miwili, virtual size: 100 GiB na chini yake disk size: 71 GiB, wakati wewe ndani unaona 22. Hizo 49 za katikati ni logi na bekapu ulizofuta zamani, au snapshoti (nakala ya diski ilivyokuwa siku fulani) waliyoipiga wao wakaisahau. Piga fstrim -v / kwa ruti (akaunti ya msimamizi), inamwambia hosti vipande vipi viko wazi, tuletee jibu lake.
Halafu Sekta kuna kitu umekiruka. Kama 100 ni zake na hakuna mwingine anazigusa, akifika 71 inawauma nini? Mtu aliyelipia 100 anaambiwaje apunguze?

Chumba_na_Sebule
Mimi nimeishia kwenye LUKU, huko kwingine sijafika. Mleta mada ni LUKU gani hiyo unayolipia ulichotumia?? Mimi ni mpangaji, nikinunua umeme wa kwanza wa mwezi inakatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Jengo la nani? La mwenye nyumba! Ilianza 2021 ikiwa buku, mkasema ni buku tu, haya ikapanda. Ukitaka mfano wa kulipia kisicho chako basi umeupata.

Mwenye Nyumba Mstaafu
1,500 kwa mwezi ni elfu kumi na nane kwa mwaka, bia zako za Jumamosi moja. Kata kwenye kodi ya nyumba ukilipa, nani kakukataza?

Chumba_na_Sebule
Mzee shikamoo. Nilimwambia hivyo wa kwangu akajibu kama naona ghali nyumba ziko nyingi mjini. Na sinywi bia.

Kijogoo wa Tandika
Hapo umemgusa mzee. Wenye nyumba na wenye seva ukoo mmoja, hela ya mbele halafu ukiuliza unaitwa msumbufu.

Jirani wa Kayole
Nyinyi wa Dar mnanimaliza hahaha. Huku Kenya token ya stima ukinunua, watoe VAT, fuel cost, forex, REP levy, ukiangalia units unadhani simu imekosea kusoma. Bora nyinyi mnajua ni kodi ya jengo.

Mwananyamala_Net
MamaLogi nimepiga, imejibu hivi:
fstrim: /: the discard operation is not supported
Nimeharibu kitu?

MamaLogi
Hujaharibu. Hiyo maana yake upande wao hawajairuhusu VM yako kurudisha nafasi iliyo wazi. Kwenye Proxmox ni kisanduku kimoja kimeandikwa Discard kwenye mipangilio ya diski, wanatiki, wanazima na kuwasha VM, wewe unapiga fstrim tena na kama ni mafaili yaliyofutwa hiyo 71 itashuka. Kwa sasa ukifuta hata bekapu zote df itapungua ila namba yao haitatikisika. Na mtu asikushauri ile njia ya zamani ya kujaza sifuri kwenye nafasi tupu kwa amri ya dd, kwenye qcow2 faili linaweza kuvimba mpaka karibu na 100, na nafasi hairudi mpaka wao wazime VM wapitishe qemu-img convert. Utakuwa umewapa sababu.
Angalia pia df -i (kama idadi ya mafaili imefika kikomo), na kama kuna faili limefutwa lakini programu bado imelishikilia, lsof +L1 italionyesha. Ila hayo ni ya ndani, hayaelezi 71.

Bwana Sekta
Kisanduku kina sababu zake. Kuna storeji ambazo trim (huko kurudisha nafasi) ikipigwa na VM nyingi kwa pamoja inaleta uzito kwa kila mtu.

Nusu Terabaiti
Sawa, ratibu basi zipigwe kwa zamu usiku. Lakini tuwekee matokeo ya lvs ya hosti hapa tuone Data% (asilimia iliyojaa) ya thin pool, lile fungu la diski mnalowagawia wateja wote, iko ngapi. Nahisi kuna diski moja imeuzwa mara tatu. Hiyo pool ikigonga 100 VM zote zinaanza I/O error (kushindwa kusoma na kuandika), wa 22 na wa 90 wanalia wote. Email ya "punguza" kwa mtu mwenye nafasi yake ni dalili ya pool inayokaribia kujaa, sio upole wa huduma kwa wateja.

Bwana Sekta
Mambo ya ofisi siwezi kuweka hapa. Na kuuza zaidi ya ulichonacho kila mtu anafanya, mradi unafuatilia na kuongeza diski mapema. Hamna sheria inayokataza.

Kijogoo wa Tandika
Kumbeee. Si ulisema hapo juu hakuna mwingine anayekigusa?

Bwana Sekta
Nilisema kimeandikwa jina lake.

Kijogoo wa Tandika
😂😂 Sikiliza maneno hayo.

Wakili wa Kijiwe
Soma mkataba kijana. Kama umeandikwa "hadi GB 100" umeliwa. Kama umeandikwa GB 100 bila hilo neno wajibu wao. Sheria mpya haihitajiki.

Mwenye Nyumba Mstaafu
Wapangaji mnajifanya mnaonewa. Mita ni moja, mwingine ana balbu, mwingine analeta friji na pasi na sabufa, wote wanachanga sawa, halafu umeme ukiisha usiku naamshwa mimi.

Mwananyamala_Net
Sasa wakuu hiyo email niijibu vipi? Wamenipa mpaka Ijumaa.

MamaLogi
Usifute chochote kwanza. Wajibu kwa maandishi: tumelipia GB 100, df inaonyesha 22, naomba muwashe discard, na mniambie kama kuna snapshoti kwenye VM yetu na ni ya lini. VMware wenyewe walikuwa wanashauri snapshoti moja isizidi saa 72, usishangae kukuta ya miezi.

Chumba_na_Sebule
Mzee friji langu ni lile dogo la mlango mmoja. Sabufa ni ya chumba cha mbele, muulize.