Mongolia siku 12 mwezi Julai: adabu za ndani ya ger (hema la wafugaji), chakula, na wapi wanyama wanaonekana

Nyikani_Kwanza

Wakuu, heshima zenu. Kuna kundi la watu sita linakwenda Mongolia mwezi Julai kwa siku 12, kupitia Istanbul hadi Ulaanbaatar. Mpango wa awali ni tamasha la Naadam, Kharkhorin, jangwa la Gobi, na muda ukibaki mkoa wa Bayan-Ölgii, magharibi kabisa mwa nchi, kuwaona wawindaji wanaotumia tai. Maswali: kwenye mahema ya wafugaji mgeni huwa anakosea wapi hasa? Wawili wetu hawali nyama isiyochinjwa Kiislamu, watakula nini? Na wale farasi-mwitu wanaonekana wapi bila kupoteza wiki nzima? Sifa za nchi ya Chinggis Khan tumeshazisoma, tunataka ya kufanyia kazi. Natanguliza shukrani.

MzeeWaRamani

Karibu mkuu. Tuanze na ger, maana ndiko mtakakolala siku nyingi.

Hakuna kubisha hodi mlangoni. Ukiwa bado mbali unapaza sauti: "Nokhoi khor!", yaani wamshike mbwa. Paza hata kama humwoni mbwa, ndiyo hodi yao. Mlango unatazama kusini na ni mfupi, kwa hiyo inama, vuka kizingiti bila kukikanyaga, kisha zunguka kushoto kwako kwa kufuata mwendo wa saa. Mgeni anakaa upande wa magharibi. Sehemu ya nyuma inayotazamana na mlango ni ya wazee na vitu vya heshima. Usijipeleke huko mpaka uambiwe.

Katikati kuna nguzo mbili zinazoshikilia duara la juu ambamo bomba la jiko linatokea. Hapo ndipo wageni wengi huharibu: wanapita katikati ya nguzo, au wanapitishiana vitu humo. Usipite. Pia usielekeze nyayo kwenye jiko na usitupe takataka motoni, hata karatasi ya pipi. Moto wanauheshimu.

Ukipewa kitu, pokea kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko cha kulia, au pokea kwa mikono miwili. Mikono ya shati iwe imeshushwa. Mzee akikutolea kichupa cha ugoro, si lazima uvute. Kipokee kwa kiganja cha kulia, nusa kidogo mdomoni mwa chupa, rudisha kifuniko kikiwa kimelegea. Ukimkanyaga mtu mguu kwa bahati mbaya, mpe mkono hapo hapo. Msipopeana mkono, inachukuliwa kwamba kuna ugomvi.

Kharkhorin nendeni, lakini msitegemee kuona magofu ya Karakorum, mji mkuu wa kale wa dola ya Wamongolia, yamesimama. Ögedei, mtoto wa Chinggis Khan, aliuzungushia mji ule ukuta mwaka 1235. Mtawa William wa Rubruck aliyefika 1254 aliandika kwamba ulikuwa na misikiti miwili, kanisa moja na mahekalu kumi na mawili, pamoja na mti wa fedha uliotengenezwa na fundi wa Paris, ukimimina vinywaji vinne tofauti kwa wageni wa Khan. Jeshi la Ming, watawala wa China, liliubomoa 1388, na mawe yake yakatumika kujenga monasteri ya Erdene Zuu kuanzia miaka ya 1580. Kwa hiyo kinachoonekana leo ni monasteri yenye ukuta wa stupa (minara midogo ya Kibudha), na kasa wa mawe waliobaki nje. Anzeni na makumbusho ya hapo, kuna mfano mdogo wa mji mzima. Bila kuuona kwanza, kule uwanjani mtaona majani tu. Ni kilomita kama 360 kutoka Ulaanbaatar na barabara ni ya lami.

Ummu_Safari

Suala la nyama lichukuliwe kwa uzito tangu mwanzo. Mfugaji wa Kimongolia hachinji shingoni. Kondoo hulazwa chali, hupasuliwa tundu dogo chini ya mbavu, kisha mkono unaingizwa na kukata mshipa mkubwa karibu na moyo. Damu inabaki kifuani, inatekwa kwa kikombe na kutiwa kwenye utumbo kama soseji. Hawataki damu imwagike ardhini. Jambo hili ni la zamani: mwaka 1280 Kublai Khan, mjukuu wa Chinggis, alipiga marufuku uchinjaji wa Kiislamu baada ya wafanyabiashara Waislamu kukataa chakula cha ikulu. Amri ilikuja kulegezwa, kwa sababu wafanyabiashara waliacha kuja na mapato yakashuka.

Kwa hiyo kuuliza "ni kondoo au ni nguruwe?" hakutoshi. Nyama halali ya uhakika ni ya Bayan-Ölgii, ambako wengi ni Wakazakh Waislamu. Jueni tu kwamba nao hula nyama ya farasi, na ni ya kumheshimu mgeni. Kwingineko hao wawili wategemee maziwa, kitu ambacho Julai hakikosekani: mtindi, siagi ya juu ya maziwa, na aaruul, vipande vya maziwa yaliyogandishwa na kukaushwa juani, vigumu kama jiwe. Visipigwe meno, vinyonywe. Chai yao ina maziwa na chumvi, sukari sahauni. Bebeni mchele, dengu na viungo kutoka mjini na mwambieni mpishi wa msafara mapema, na sufuria iwe yenu, maana sufuria yao imepikiwa mafuta ya kondoo.

Airag ni maziwa ya farasi yaliyochachushwa kwenye mfuko wa ngozi, na yana kilevi, kama asilimia 2. Asiyekunywa asisukume bakuli. Apokee vizuri, aligusishe mdomoni, arudishe. Kwa vodka, chovya kidole cha pete cha mkono wa kulia, rushia tone juu, kisha rudisha. Hakuna atakayenuna.

Swala_wa_Nyika

Farasi-mwitu ni takhi, na mahali pa uhakika ni hifadhi ya Hustai, kilomita kama 100 magharibi ya Ulaanbaatar. Porini walikuwa wametoweka kabisa mwishoni mwa miaka ya 1960. Waliobaki walikuwa kwenye bustani za wanyama za nje, na Hustai ilianza kuwarudisha 1992. Msiende mchana. Jua likiwa kali wanapanda milimani kukwepa nzi na joto, mtarudi na picha za vidoa vya kahawia. Laleni pale pale, mtoke alfajiri au saa moja hivi jioni wanapoteremka kunywa maji. Takhi halisi ana nywele za shingo zilizosimama wima, hana za kuangukia kwenye paji la uso, mdomo ni mweupe, na miguuni ana mistari hafifu.

Gobi, ingieni bonde la Yolyn Am mapema asubuhi na kagueni miamba kwa darubini: kuna mbuzi-mwitu, na juu kuna tumbusi mwenye ndevu. Chui wa theluji yupo kwenye milima ile, ila anayewaahidi kumwona mwezi Julai anawauzia ndoto.

Marmoti, wale wanyama wagugunaji wanaoishi kwenye mashimo, msiwaguse wala msile nyama yao, hata mkiambiwa ni kitoweo cha heshima. Wanabeba tauni. Mwaka 2019 mume na mke walikufa huko Bayan-Ölgii baada ya kula marmoti mbichi, watalii wakawekwa karantini pamoja na wenyeji. Na Bayanzag, huko huko Gobi, kule mayai ya dinosaria yalikopatikana 1923, usiokote kisukuku hata kidogo. Kukitoa nchini ni kosa la jinai.

Nyikani_Kwanza

Asanteni sana wakuu. Je, Bayan-Ölgii ibaki?

MzeeWaRamani

Iondoeni. Ni zaidi ya kilomita 1,600 kutoka mji mkuu, na Julai tai wanabadilisha manyoya, hawawindi. Mtaonyeshwa tai akiwa mkononi mwa mtu kwa ajili ya picha. Tamasha la tai ni mwanzoni mwa Oktoba.

Siku hizo zipeni Naadam, 11 hadi 13 Julai. Mieleka ya uwanja wa taifa ina wapiganaji 512, raundi tisa, hakuna mgawanyo wa uzito. Raundi za kwanza ni ndefu, fikeni za mwisho. Mbio za farasi ziko Khui Doloon Khudag nje ya mji. Tokeni kabla ya mapambazuko, foleni ya magari ni balaa, na simameni mwishoni mwa njia kwa sababu mbio ni za kilomita 10 hadi 25 hivi na katikati hamtaona kitu ila vumbi. Mkibaki mpaka mwisho wa mbio za farasi wa miaka miwili mtasikia hata farasi aliyeshika mkia akiimbiwa, kumtakia heri mwakani.

Swala_wa_Nyika

Na mkipewa farasi: mpandeni kwa upande wa kushoto tu, mseme "chu" aende. Koti la mvua livaliwe kabla ya kupanda. Nailoni ikipepea mgongoni kwake, anakimbia na wewe juu.