Nasaba yenye spishi moja inanipa kasi hasi. Kosa liko wapi?

Mlilana_Lamu
Salaam aleikum jamaa. Naandaa somo kuhusu kasi ya mchipuko wa spishi, yaani zinazozaliwa ukitoa zinazotoweka, na nataka mifano ya kwetu: mikoko ya Lamu, silikanti, samaki wa nasaba ya kale, aliyenaswa nje ya Malindi mwaka 2001, na furu wa Ziwa Victoria. Natumia R, programu ya takwimu, kifurushi chake cha geiger, amri ya bd.ms. Amborella, ule mti wa New Caledonia wenye spishi moja tu, nikiupa umri wa miaka milioni 140 unatoa −0.005. Furu, spishi 500 kwa miaka 15,000, wanatoa 368 kwa kila miaka milioni. Namba hizi zina maana yoyote? Na je, naweza kuandika kwamba maji ya chumvi ndiyo yaliyoichelewesha mikoko?

Mtapo_wa_Sokoke
Waaleikum salaam, maalim. Hasi hiyo imetoka kwenye amri yenyewe. Usipoiambia kitu, bd.ms hushika crown=TRUE: inadhani umri ulioipa ni wa taji, yaani tangu babu wa pamoja wa spishi zote zilizo hai alipogawanyika. Basi inapiga ln N (logi asilia ya idadi ya spishi), inatoa ln 2, inagawa kwa umri. Spishi moja haina taji. ln 1 ni 0, ukitoa 0.693 lazima uangukie chini ya sifuri. Umri ulioweka ni wa shina, tangu Amborella ilipoachana na mimea mingine yote ya maua. Weka crown=FALSE upate 0.

Kagua na mikoko yako kwa jicho hilo hilo. Kundi la mkoko, muia, mkandaa na Kandelia wa Asia lina spishi kama 20. Tukichukua shina la miaka milioni 50, ln 20 gawa kwa 50 ni 0.06. Lakini hapo umekubali kwamba hakuna spishi hata moja iliyowahi kutoweka. Weka epsilon=0.9, yaani kwa kila spishi 10 zinazozaliwa 9 hutoweka: 20 mara 0.1, jumlisha 0.9, unapata 2.9, ln yake gawa kwa 50 ni 0.021. Kundi ni lile lile na kasi imeshuka hadi theluthi. Toa zote mbili kwenye jedwali, usichague moja.

Linaloharibu kazi nyingi ni kuchanganya shina la kundi hili na taji la kundi lile. Tazama mtapo wa Arabuko-Sokoke, Encephalartos hildebrandtii, mmojawapo wa mimea iitwayo sikadi. Nasaba ya sikadi ina visukuku vya zaidi ya miaka milioni 250, ila spishi nyingi zilizo hai zimezaliwa ndani ya miaka milioni 12 hivi iliyopita. Ukipima jenasi moja, kama Encephalartos, kwa taji utasema inakimbia, ukipima sikadi zote kwa shina utasema zimelala.

Kamongo75
Kuhusu furu: 368 inadai kwamba wote 500 wametoka kwa jozi moja ya mababu baada ya ziwa kujaa upya. Sivyo ilivyokuwa. Ziwa lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita, lakini kundi zima la eneo hilo, pamoja na maziwa ya jirani, ni la spishi kama 700 na umri wa miaka 150,000 hivi, na mwanzo wake ni mseto wa nasaba mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu. Tofauti za jeni zilikuwapo tayari. Zilichaguliwa na kupangwa upya, hazikusubiri kubuniwa. Piga ln 700 gawa kwa 0.15: karibu 44. Bado ni kasi ya ajabu, lakini umeshapunguza zaidi ya mara nane kwa kusahihisha kundi unalopima na umri wake. Taja pia kama hesabu yako ni ya kabla ya sangara au baada. Sangara aliwekwa ziwani miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 mamia ya furu walikuwa wameshapotea.

Usiweke 44 ya furu kando ya 0.06 ya mikoko bila mhimili wa muda. Makundi machanga karibu kila mara huonekana yana kasi, kwa sababu yale yaliyoanza pamoja nayo yakafa mapema hayapo tupate kuyapima.

Silikanti ndiye anayenigusa zaidi. Spishi hai ni 2, wa kwetu huku na wa Indonesia. Shina la miaka milioni 410 linatoa 0.0017. Watu husoma namba hiyo wakasema samaki huyu alisimama. Visukuku vinasema vingine: nasaba yake ilizaa makumi ya spishi, baharini na kwenye maji baridi, kisha zikafa. Namba ndogo huenda ikawa kaburi kubwa, na mti wa nasaba uliochorwa kwa spishi hai peke yake haukuonyeshi kaburi hilo.

Mlilana_Lamu
Ahsanteni sana, crown=FALSE imetengeneza jedwali. Na hoja ya chumvi?

Mtapo_wa_Sokoke
Hiyo usiiandike bado. Tabia iliyotokea mara moja haithibitishi chochote, kwa kuwa kila kitu kingine cha nasaba hiyo kilitokea nayo. Heri ya mikoko ni kwamba imeingia majini mara nyingi, kila ukoo kivyake. Aina 9 za Kenya ziko katika familia 6: mkoko, muia na mkandaa familia moja, mikomafi miwili nyingine, halafu mchu, mlilana, kikandaa na msikundazi kila mmoja yake.

Kwa kila ukoo tafuta dada yake wa nchi kavu, yaani kundi la karibu zaidi lililoachana nao, ulinganishe idadi ya spishi. Dada wana umri mmoja, kwa hiyo huhitaji tarehe hata moja. Mkomafi, Xylocarpus, una spishi 3. Dada yake Carapa ana zaidi ya 10. Usilinganishe mchu na familia ya Acanthaceae nzima yenye maelfu ya spishi, maana mchu umo ndani yake.

Jozi 6 ni chache. Zote 6 zikielekea upande mmoja, bahati tupu ingeleta hivyo mara 2 kwa 64, yaani 0.031. Ikipinda moja tu, nafasi ya bahati inafika 0.22, kubwa mno, na hoja imekwisha. Ongeza koo za nje ya Kenya: Aegiceras, Excoecaria, Pelliciera.

Kamongo75
Na hesabu spishi za pande zote mbili kwa orodha ya mtaalamu mmoja na ya wakati mmoja. Carapa ilidhaniwa ina spishi chache tu mpaka ilipochunguzwa upya. Ukiweka orodha ya zamani upande huu na mpya upande ule, utakuwa unapima bidii ya wataalamu wa mimea.